Shamba lililoota chumvi: namna ya kulirudisha, na namna ya kuyajua maji unayomwagilia

Swali ninaloletewa kuliko mengine yote ni hili: "Shamba langu limekuwa jeupe, niweke nini?" Linakuja kwa simu, linakuja kandokando ya mfereji, na mara nyingi muulizaji ameshanunua kitu dukani, anataka nimtajie kipimo tu. Nimeona niandike hatua zote mara moja, ili atakayeuliza kesho asome kwanza, kisha tuongee yatakayobaki.

Ninayemwandikia ni mkulima wa tambarare zenye jua kali na mvua chache, anayetegemea mfereji, chemchemi au kisima. Hali hii tunaijua Kahe na mashamba ya chini ya Moshi, tunaijua bonde la Mkomazi na Pawaga, na wenzetu wa Kenya wanaijua Hola na Bura kando ya mto Tana. Kama shamba lako liko mlimani kwenye mvua nyingi, tatizo lako huenda ni udongo mchachu, na dawa yake ni tofauti kabisa na hii.

Nadharia nitakupa kidogo tu. Kila maji yana chumvi, hata yale matamu unayokunywa. Mmea hunywa maji ukaiacha chumvi, na jua hukausha maji likaiacha chumvi. Chukua maji ya kawaida yenye kipimo cha 1 dS/m (desisimensi kwa mita), ambayo ni kama gramu 640 za chumvi katika kila mita ya ujazo. Ukimwagilia ekari moja kina cha sentimita 50 kwa msimu mzima, umeingiza mita za ujazo 2,000, na pamoja nazo chumvi inayokaribia kilo 1,300. Hayo ni magunia 26 ya kilo 50 uliyoyamwaga shambani bila kuyaona. Chumvi hiyo isipopata njia ya kushuka na kutoka, mwakani unaongeza magunia mengine 26. Kwa hiyo unaponiuliza uweke nini, mimi nitakuuliza kwanza maji yako yanatokea wapi.

Ni chumvi, au ni magadi?

Wengi huita vyote "chumvichumvi". Vitenganishe, kwa sababu dawa ya kimoja peke yake huua kingine.

Udongo wa chumvi una ukoko mweupe juu, hasa asubuhi ya siku kavu. Ukiukanyaga unakuwa laini, unadidimia kama unga. Maji yanazama vizuri, na yaliyotuama kwenye vidimbwi ni maangavu. Mimea inadumaa, majani yanaungua ncha, na inanyauka mchana ilhali ardhi ina unyevu.

Udongo wa magadi huwa na ukoko wa rangi ya giza, wakati mwingine mweusi kama uliomwagiwa oili chafu. Ukilowa unateleza kama sabuni, ukikauka unakuwa tofali na kupasuka. Maji hukaa juu siku nyingi, na ni ya tope lisilotulia. Hapa sodiamu imeushika udongo wenyewe na kuziachanisha chembechembe zake, ndiyo maana matundu yote yanaziba.

Upo pia wa mchanganyiko, na huo ndio unaodanganya. Juu ni mweupe na maji yanazama vizuri, mpaka uanze kuuosha. Mara ya kwanza nilipokutana nao nilifungulia maji siku tatu mfululizo kwenye robo ekari, nikifurahi kuona weupe unaondoka. Ulipoondoka, ardhi ilijifunga. Chumvi ndiyo iliyokuwa imezishikilia zile chembechembe zisiachane. Nilipoiondoa bila kuweka kitu kingine mahali pake, ikabaki sodiamu peke yake. Ilinichukua misimu mitatu kupata kile ambacho ningekipata kwa mmoja.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Jembe, sururu na beleshi
- Chupa nne au tano za plastiki zinazopitisha mwanga
- Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, lita tano zinatosha (ya bomba na ya dukani yana madini yatakayovuruga majibu)
- Siki nyeupe ya jikoni, chupa moja
- Kalamu ya kupimia chumvi kwenye maji. Siku hizi inapatikana kwenye maduka mengi ya pembejeo na ya vifaa vya maji
- Kopo la rangi la lita nne lililokatwa chini na juu
- Daftari
- Samadi iliyooza
- Muda: panga kazi nzito ziishe kabla ya masika

Kalamu usiikwepe. Wanachama kumi wa kikundi wanaweza kuchangia moja. Nyingine huonyesha namba kubwa za maikrosimensi. Gawanya kwa 1,000 upate dS/m. Nyingine huonyesha miligramu kwa lita. Nyingi kati ya hizo ukigawanya kwa 500 unapata hesabu ya karibu.

Hatua kwa hatua

1. Chimba mashimo mawili. Moja pabaya, moja pazuri, kina cha mita moja na nusu. Kwenye kila shimo angalia mambo matatu: kama kuna tabaka gumu linalozuia sururu na liko kina gani, mizizi imeishia wapi, na kama maji yanachuruzika kutoka chini. Liache shimo mpaka kesho yake. Maji yakipanda yakasimama kina kisichofika mita moja na nusu kutoka juu, jua kwamba chumvi yako inapandishwa kutoka chini kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Hapo mtaro wa kutolea maji ndiyo kazi ya kwanza, na mengine yote yasubiri.

2. Jaribio la chupa. Chukua bonge dogo la udongo uliokauka, ukubwa wa punje ya mahindi. Lidondoshe polepole kwenye chupa yenye maji ya mvua. Usitikise, liache saa moja, kisha uangalie tena kesho yake. Bonge likibomoka lakini maji yakabaki maangavu, huo si udongo wa magadi. Likizungukwa na wingu kama maziwa linalosambaa lenyewe, magadi yapo. Fanya hivyo kwa udongo wa juu, wa sentimita 30 na wa sentimita 60, kwa kuwa magadi hupenda kujificha chini.

Udongo wa mchanganyiko usikupite hapa. Kama una ukoko mweupe na wingu halikutokea, weka bonge lingine kwenye maji ya mvua, baada ya saa chache mwaga maji hayo taratibu na kuweka mengine, rudia mara tatu. Wingu likitokea mara ya tatu, ni mchanganyiko, na kwa kulijua mapema umeokoa robo ekari yako.

3. Jaribio la siki. Dondoshea siki kwenye udongo mkavu. Ukitoa povu, udongo una chokaa yake ya asili. Kumbuka jibu hili, tutalihitaji kwenye hatua ya 7.

4. Pima chumvi. Changanya sehemu moja ya udongo mkavu uliopondwa na sehemu tano za maji ya mvua kwa uzito, yaani gramu 100 kwa nusu lita. Tikisa mara kwa mara kwa saa moja, acha yatulie, tumbukiza kalamu. Namba utakayopata si ya mwisho: izidishe kwa 14 kama udongo ni wa kichanga, kwa 10 kama ni tifutifu, kwa 7 kama ni mfinyanzi. Jibu likizidi 4 dS/m, kitaalamu huo ni udongo wa chumvi. Hata hivyo mazao hayalingani uvumilivu. Haya ndiyo makadirio yanayotumika sana ya mahali ambapo mavuno huanza kupungua:

- Maharage na karoti: 1.0
- Vitunguu: 1.2
- Pilipili hoho: 1.5
- Mahindi: 1.7
- Nyanya: 2.5
- Mpunga: 3.0
- Kunde: 4.9
- Mtama: 6.8
- Pamba: 7.7

Ona vitunguu vilivyo juu ya orodha. Wakulima wengi wa tambarare huanza na vitunguu kwa sababu ya bei, kisha wanailaumu mbegu.

Pima na maji ya mfereji au kisima chako siku hiyohiyo. Chini ya 0.7 hayana shida. Kati ya 0.7 na 3.0 yanatumika kwa uangalifu, na jinsi yanavyokaribia 3.0 ndivyo uchaguzi wa mazao unavyobana. Yakipita 3.0, tafuta chanzo kingine au ubadili kabisa unachopanda. Pima mwanzo wa kiangazi na mwisho wake, maana kisima kinachosoma 0.9 mwezi wa sita kinaweza kusoma 2 mwezi wa kumi.

5. Peleka sampuli maabara, angalau mara moja. Chupa na siki zinakuonyesha ugonjwa. Maabara inakupa kipimo cha dawa. Tanzania, kituo cha TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) cha Mlingano kule Tanga ndicho chenye dhamana ya utafiti wa udongo, na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro nacho kinapima. Kenya nenda KALRO, shirika lao la utafiti wa kilimo, pale Kabete. Chukua udongo sehemu kumi au zaidi za eneo linalofanana, changanya kwenye ndoo safi, toa kilo moja. Usichanganye pabaya na pazuri kwenye mfuko mmoja, utapata wastani usiomfaa yeyote. Kwa udongo omba pH (kipimo cha uchachu), chumvi, sodiamu na uwezo wa udongo kushika madini. Kwa maji omba chumvi, kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, bikaboneti, kloridi na boroni. Ukisema tu "nipimieni udongo", watakupimia naitrojeni na fosforasi ukarudi nyumbani na karatasi isiyokusaidia.

6. Fungua njia ya maji kutoka. Hapa ndipo watu huniacha, kwa sababu mtaro hauonekani kama dawa. Bila mtaro, kila tone utakaloosha nalo litarudi. Chimba mtaro kwenye upande wa chini wa shamba, kina kisichopungua mita moja; ukiweza mita moja na nusu, bora zaidi. Uelekee kwenye korongo au mtaro mkuu wa skimu, na usiishie kwenye shamba la jirani. Kaeni kikao na mwenyekiti wa umoja wa watumia maji kabla ya kuchimba. Magomvi mengi ya mifereji niliyoyaona yalianza na mtaro mmoja uliochimbwa usiku. Kama hatua ya 1 ilikuonyesha tabaka gumu, lipasue kwa sururu au kwa jembe refu la trekta ardhi ikiwa kavu. Ukilipasua likiwa limelowa unalikanda tu.

Kisha sawazisha. Kata majaruba madogo, hata ya mita 10 kwa 10, na kingo imara za sentimita 30. Kisehemu kilichoinuka sentimita tano tu hakitaoshwa, kitabaki kisiwa cheupe mwaka mzima.

7. Kama kuna magadi, weka jasi. Jasi ni yale madini meupe yanayochimbwa Makanya wilayani Same, yanayopelekwa kwenye viwanda vya saruji. Kalsiamu iliyomo huingia kwenye udongo na kuifukuza sodiamu, nayo sodiamu huondoka na maji. Udongo wa chumvi tupu hauhitaji jasi. Ruka nenda hatua ya 8.

Kipimo sahihi kitoke maabara. Wakati unasubiri, jaribu kwenye jaruba moja: mfuko mmoja wa kilo 50 kwa mita 10 kwa 10, sawa na tani mbili kwa ekari. Jasi isagwe iwe laini, ipite kwenye chekeche la milimita 2. Itandaze sawasawa, ichanganye na udongo wa juu sentimita 10 hadi 15, usiizike chini zaidi.

Makosa ninayoyaona hapa ni mengi, tuliza macho:

*Chokaa.* Chokaa ya kilimo ni ya udongo mchachu. Ukiiweka kwenye magadi haiyeyuki, na pH iliyo juu inabaki juu au inazidi kupanda. Nyeupe zote zinafanana kwenye mfuko, kwa hiyo dondoshea siki kabla ya kulipa: chokaa hutoa povu jingi, jasi nzuri haitoi au hutoa kidogo sana.

*Majivu.* Bibi zetu walichuja magadi kutoka kwenye majivu, na walijua walichokuwa wanafanya. Usiyarudishe shambani.

*Vipande vya dari.* Mabaki ya bodi za jipsam kutoka kwenye ujenzi yana karatasi, gundi na viungo vingine. Yaache.

*Salfa.* Unga uleule ambao wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi hupulizia unaweza kufanya kazi ya jasi, lakini pale tu siki ilipotoa povu kwenye hatua ya 3. Salfa hugeuzwa na vijidudu vya udongo kuwa asidi, asidi inayeyusha chokaa iliyomo, kalsiamu inatoka. Kilo moja ya salfa inafikia kilo tano na ushee za jasi, ila inahitaji unyevu, joto na wiki nyingi za kusubiri kabla ya kuosha. Kwa anayeanza, jasi ni rahisi kuiendesha.

8. Osha. Kanuni ya mkulima ni hii: kuosha udongo wa kina cha sentimita 30, maji ya kina cha sentimita 15 yanaondoa kama nusu ya chumvi, sentimita 30 zinaondoa kama asilimia 80. Maji yaliyopita chini ndiyo yanayohesabiwa. Yaliyokauka juani hayamo. Kwa ekari nzima sentimita 30 ni mita za ujazo 1,200, yaani mapipa 6,000 ya lita 200. Ndiyo maana nasisitiza uanze na robo ekari, na uyatumie maji ya masika ambayo hayakugharimu kitu na karibu hayana chumvi.

Usijaze yote mara moja. Weka sentimita 10, acha yazame yote, pumzisha siku mbili tatu, weka tena. Maji yanayoingia kwa awamu hupita kwenye matundu madogo na kuchukua chumvi nyingi kuliko yanayosukumana kwenye nyufa. Kama umeweka jasi, kumbuka haiyeyuki haraka: lita moja ya maji hubeba kama gramu 2.4 tu. Tani mbili kwenye ekari zinahitaji si chini ya sentimita 20 za maji ili ziyeyuke, hivyo mvua moja kubwa haitoshi.

Pima maji yanayotoka kwenye mtaro kila awamu. Mwanzo namba itakuwa juu, halafu itashuka. Ikikaribia namba ya maji unayoingiza, kuosha kumeisha. Andika kwenye daftari.

9. Lisha udongo, kisha panda kinachovumilia. Weka samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza, kama tani tano kwa ekari. Ya kuku punguza sana msimu wa kwanza, ina chumvi yake. Mabaki ya mazao usiyachome.

Penye maji ya kutosha, zao la kwanza kwenye magadi liwe mpunga. Kiwango chake cha kuvumilia chumvi si kikubwa, lakini maji yanayotuama juu ya jaruba yanaendelea kusukuma sodiamu chini, na mizizi yake husaidia kuyeyusha kalsiamu. Ulizia mbegu za SATO, zilizotolewa kwa ajili ya udongo wa aina hii. Miche isipandikizwe michanga: isubirishe kitaluni siku 30 hadi 35, pandikiza minne kwa shimo. Usivuruge tope kupita kiasi, udongo wa magadi umeshavurugika wenyewe. Pasipo na maji ya mpunga, anza na mtama, pamba au nyasi za Rhodes za mifugo. Nyanya zije msimu wa pili au wa tatu, baada ya kalamu kuruhusu.

Mbolea ya kukuzia iwe SA (salfeti ya amonia), kwa sababu inachachusha udongo kidogo na ina salfa. Yurea ikitupwa juu ya udongo wa pH kubwa hupaa hewani, utaisikia harufu yake. Kama ndiyo uliyo nayo, ifukie.

Kwa mazao ya matuta, usipande kileleni. Maji ya mfereji yakipanda kwenye tuta huiacha chumvi juu kabisa, ule mstari mweupe unaouona. Panda ubavuni, karibu na usawa wa maji, na utandaze matandazo.

10. Yarekebishe maji, la sivyo utarudi hatua ya 1. Chumvi iliyomo kwenye maji huwezi kuichuja kwa kitambaa, mchanga wala mkaa, na mtambo unaoweza kazi hiyo gharama yake hailipwi na mahindi. Anayekuuzia unga wa "kuua chumvi" kwenye tanki anakuuzia hewa. Unachoweza kufanya ni haya.

Changanya. Sehemu moja ya maji ya kisima yenye 3.0 na sehemu mbili za maji ya mfereji yenye 0.3 inakupa 1.2. Kama hayatoshi kuchanganya, tumia matamu wakati wa kuotesha na miche, na ya chumvi mmea ukishakomaa. Mche ndio unaokufa kwanza.

Zidisha kidogo kwa makusudi. Kwa maji ya 1.0, vitunguu vinahitaji kwamba katika kila ndoo tano unazomwagilia, moja ipite tu chini ya mizizi ikiondoka na chumvi. Nyanya zinatosheka na moja katika kumi. Hesabu yake: zidisha kiwango cha zao (kile cha hatua ya 4) kwa tano, toa namba ya maji yako, kisha gawa namba ya maji kwa jibu hilo. Anayemwagilia vijiko vijiko ili "kubana maji" ndiye anayejaza chumvi upesi.

Maji yenye bikaboneti nyingi, yale yanayoacha magamba meupe kwenye birika na kwenye matundu ya dripu (mabomba ya kumwagilia kwa matone), hunyang'anya udongo kalsiamu na kuuacha na sodiamu. Chemchemi na visima vingi vya maeneo ya volkano ni vya namna hii, hata vikiwa vitamu mdomoni na kalamu ikisoma chini. Tiba ni jasi ndani ya maji: weka mabonge yake kwenye kijibwawa ambacho maji yanapitia kabla ya kuingia shambani. Maabara ikikwambia uongeze milikwivalenti moja (kipimo cha maabara, hufupishwa meq) ya kalsiamu kwa lita, hiyo ni gramu 86 za jasi safi kwa mita ya ujazo. Kwenye mfumo wa dripu jasi isiyoyeyuka itakuzibia, hivyo itandaze shambani badala yake.

Tope linashughulikiwa kwa bwawa la kutulizia: maji yaingie upande mmoja polepole, yatoke upande wa pili kwa juu, na matope yachotwe kila baada ya wiki chache. Maji yanayopita kwenye makazi au yenye harufu ya choo usiyamwagilie kwenye mboga zinazoliwa mbichi, hata kama mchicha unayapenda.

Kwa Tanzania, kisima kipya au pampu mtoni vinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya bonde lako. Ukienda kuomba, waulize pia kuhusu ubora wa maji ya visima vya jirani. Wakati mwingine jibu hilo linakuokolea gharama ya kuchimba.

Ukikwama

*Nimeosha, maji yamesimama wiki nzima.* Ni magadi. Acha kuongeza maji, yatoe kwa juu, subiri pakauke, rudi hatua ya 7. Ili ujue maendeleo, shindilia kopo la rangi sentimita tano ardhini, jaza maji, andika muda yanaochukua kuzama. Rudia palepale kila mwezi.

*Weupe umerudi baada ya miezi miwili.* Ama maji ya chini hayako mbali na uso wa ardhi na mtaro wako hauna kina cha kutosha, ama uliliacha shamba tupu juani. Usiliache wazi kiangazi. Hata majani makavu yanasaidia.

*Nimeweka jasi, sioni tofauti.* Vunja udongo uangalie. Ukiona punje nyeupe bado zipo, haijayeyuka: ilikuwa kubwa mno au maji hayakutosha. Kama imeyeyuka, rudia jaribio la chupa kwenye sentimita 30. Huenda juu pamepona na chini bado.

*Mpunga umepata madoa ya kahawia wiki ya tatu, umesimama kukua.* Mara nyingi ni njaa ya zinki, ambayo huambatana na pH kubwa. Zinki salfeti kilo 10 kwa ekari, na toa maji jarubani siku chache mizizi ipumue. Mwite bwana shamba athibitishe kwanza kwamba si ugonjwa wa virusi.

*Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha, asubuhi nyanya za dripu zimenyauka.* Dripu husukuma chumvi pembeni ikafanya duara kuzunguka mmea. Manyunyu yanaitumbukiza yote kwenye mizizi. Mvua ndogo zinapoanza usifunge dripu, iache iendelee mpaka mvua kubwa ishuke.

*Majani yameungua ingawa udongo unapima vizuri.* Unanyunyizia juu ya majani mchana. Hamia jioni au usiku, au mwagilia chini.

*Ni mabaka tu, penginepo pazuri.* Sawazisha kabla ya kununua chochote. Kama baka liko bondeni, fuatilia maji yanayovuja kutoka mfereji mkuu. Mfereji usiosakafiwa unaweza kulowesha shamba la mita nyingi kutoka kwenye kingo zake.

*Nimefanya yote misimu mitatu, bado.* Kama hakuna mahali pa kutolea maji, au kisima pekee ulicho nacho kinapita 3.0, sehemu hiyo ipande nyasi za Rhodes, fuga mbuzi, na jasi yako, samadi yako na maji matamu uliyo nayo uyapeleke kwenye nusu ya shamba inayoitikia.